Maharage yanayojitafutia fosforasi

SWALI: Shamba ni moja, mbolea ya DAP ni ileile. Kwa nini mistari ya mbegu moja imesheheni maganda, na ya mbegu nyingine imedumaa, majani madogo ya kijani kilichokolea?

JIBU: Hiyo ni dalili ya njaa ya fosforasi. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, chuma na alumini huishika fosforasi, hata ile uliyoweka wakati wa kupanda. Inayobaki huru hutembea milimita chache tu, wakati naitrojeni hufuata maji. Mzizi ndio unaopaswa kuifuata, na fosforasi nyingi hukaa tabaka la juu. Maharage yenye mizizi ya pembeni inayotambaa karibu na uso wa udongo, na yenye vinyweleo virefu, huipata. Yanayozamisha mizizi moja kwa moja huiacha hapo juu.

SWALI: Nitaitambuaje mbegu ya namna hiyo?

JIBU: Anza nyumbani. Zungushia mbegu kitambaa chenye unyevu hadi zichipue, kisha tazama pale mzizi mkuu unapoungana na shina. Mizizi ya pembeni huchomoza hapo kwa safu zinazolizunguka shina. Mbegu nyingine zina safu moja, nyingine hufika nne. Safu za juu huelekea kutambaa, za chini hushuka, hivyo mbegu yenye safu nyingi hupekua eneo kubwa zaidi.

Shambani, subiri maua yaanze. Chimba mbali kidogo na shina, ng'oa mche na bonge lake la udongo, uloweke kwenye ndoo na kuusuuza taratibu bila kuvuta. Weka miche ya mbegu mbili sambamba; tofauti utaiona kwa macho. Profesa Jonathan Lynch wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, amechunguza mizizi ya maharage kwa miaka mingi, pamoja na watafiti wa Msumbiji. Natamani kila anayetuuzia mbegu atueleze mizizi yake pia, si rangi ya punje na siku za kukomaa tu.

SWALI: Basi tupande zenye mizizi ya juu peke yake?

JIBU: Hapana. Mvua ikikatika, tabaka la juu ndilo hukauka kwanza, na hapo mzizi mrefu ndio huokoa mmea. Kwa sababu hiyo siafiki kuwakemea wakulima wa Rwanda na Burundi wanaochanganya mbegu za maharage katika shamba moja. Mchanganyiko wenye mizizi ya aina zote mbili ni kinga.

SWALI: Mbegu hodari wa kufyonza haitaumaliza udongo?

JIBU: Itaupunguza, usiporudisha kitu. Rudisha samadi na maganda. Penye tindikali, mbolea ya fosfeti ya Minjingu huyeyuka vizuri. Ila kwenye miteremko, fosforasi nyingi huondoka na udongo unaosombwa na mvua. Maharage yaliyoshiba hutanua majani mapema na kuufunika udongo huo kabla mvua kubwa hazijaupiga.