Fides, Imani na Amana

Wapendwa vijana, leo tuchimbe neno moja la Kilatini: fides. Maana yake ya msingi ni kuaminiana, kutimiza neno ulilompa mtu. Kiingereza kimepata humo ukoo mzima: faith, fidelity, confidence. Fiancé ni mchumba, yaani mtu aliyetoa ahadi. Affidavit, ile hati ya kiapo ya mahakamani, ni kitenzi cha Kilatini cha zama za kati, "ameapa". Hata jina Wi-Fi liliigwa kutoka hi-fi, na hiyo fi ya mwisho ni fidelity (bando likiisha, uaminifu nao kwisha!). Na akina Fidelis mnaosoma hapa, ninyi ni "waaminifu" tangu ubatizo.

Kwetu Tabora mambo yalikuja kwa njia nyingine. Karne ya 19 misafara ilipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji, ikaja na Kiswahili chenye mzizi wa Kiarabu: imani, amini, amana, amani. Amina, ya Kiebrania, ni ndugu yao. Biashara yenyewe ilisimama juu ya kuaminiana. Mtu alikopa nguo na shanga kwa matajiri wa Kihindi Zanzibar, akazileta bara, deni akalilipa baadaye kwa pembe za ndovu. Sisahau kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na wao hakuna aliyewatunzia chochote.

Sasa, vijana hapa Isevya huniuliza: "Frateri, nasali lakini sihisi kitu, ina maana imani yangu imekufa?" Ni swali zito, mtu analala macho kwa ajili yake. Mimi naona tumeigeuza imani kuwa joto la mkesha, mpaka machozi yatoke ndipo tuseme ipo. Lakini aliyewekewa mzigo wa mwenzake haulizwi anajisikiaje, anaulizwa mzigo uko wapi.

Fungua 2 Timotheo. Paulo yuko kifungoni, anamwagiza Timotheo ailinde amana, na kwenye 4:7 anasema yeye mwenyewe ameilinda imani. Katika Kilatini pale ni fides ileile. Wala hatuambii moyo wake ulikuwa na raha. Sura hiyohiyo analalamika kwamba wenzake wamemwacha, anaomba aletewe joho aliloliacha Troa, na Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi.