Mafunzo Niliyopata: Barua za Nyumba Moja

Mume wangu ni mtu wa Tanga kama mimi, ila alikuwa tayari amechukua uraia wa Uingereza tulipooana. Tunaishi Leicester. Miaka mitano ya viza ya ndoa imekwisha na ukaazi wa kudumu nimeupata, ndiyo maana siku hizi wanawake wanaofuata njia hiyohiyo hunipigia simu kuuliza habari za makaratasi. Karibu wote huanza na albamu ya harusi. Picha weka, hazidhuru. Lakini kwamba mlioana, cheti cha ndoa kimeshasema. Afisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani anataka kujua kama mnaishi nyumba moja, na shahidi anayemwamini ni barua zinazoingia mlangoni.

1. Si wingi wa barua, ni mtawanyiko wake

Wanachotazamia ni barua sita hivi zenye majina yenu wote wawili, kutoka sehemu zisizopungua tatu, zilizotawanyika katika miaka miwili iliyopita. Msipokuwa na za pamoja za kutosha, kila mmoja alete zake, zenye anwani ileile na tarehe zinazokaribiana. Taarifa sita za benki moja ni sauti ya mtu mmoja anayerudia maneno. Bora iwepo ya benki, ya halmashauri, ya kampuni ya umeme, ya kliniki, ya mamlaka ya kodi. Nyingine za mwanzo wa kipindi, nyingine za katikati, nyingine za mwisho. Mwenye kuanza kukusanya wiki ya kujaza fomu atapata za mwisho tu. Na fomu yenyewe si ya kujaribia bahati: Aprili 2025 ada ya ombi la ukaazi wa kudumu ilipanda hadi pauni 3,029, na ukikataliwa hairudishwi.

2. Mke asiyelipa bili naye aandikwe kwenye bili

Hapa ndipo ndoa zetu nyingi hukwama, na sababu ni malezi. Kwetu mume akilipa kodi ya nyumba na umeme, mke hana haja ya kuuliza risiti. Kuuliza kunaweza hata kuonekana kama kumpekua. Nilipomwambia wangu aniandikishe kwenye akaunti ya umeme alishangaa: "Bili si nalipa mimi? Jina lako lifanye nini humo?" Nikamjibu kwamba kwa afisa, mke ambaye jina lake haliko popote ni sawa na mke ambaye hayupo. Akapiga simu siku ileile. Kampuni ya maji nayo ikaniongeza kwa simu tu. Mkataba wa upangaji ulihitaji saini ya mwenye nyumba, tukasubiri hadi ulipofika wakati wa kuuhuisha. Benki tulifungua akaunti ya pamoja kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, kila mtu akabaki na yake ya pembeni. Wapo mashemeji walioona nimeanza kumtawala kaka yao. Waache waone.

3. Kodi ya halmashauri husema ukweli hata msipoulizwa

Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25 ya kodi hii. Wanaume wengi wetu huwa na punguzo hilo kabla mke hajafika, kisha wakasahau kutoa taarifa, au wakajifanya wamesahau. Sasa fikiria: unaleta barua ya halmashauri kuthibitisha kwamba mnaishi wawili, na barua yenyewe inasema ndani yuko mmoja! Mke akishuka tu uwanja wa ndege, halmashauri ijulishwe. Waliochelewa watalipishwa nyuma, na ni haki yao kulipa.

4. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti

Mimi natumia jina la baba yangu, kama walivyo wanawake wengi wa pwani. Kliniki ya daktari wa mtaa, karani alinisajili kwa ubini wa mume bila kuniuliza, na barua za miadi zikawa zinakuja kwa mwanamke ambaye pasipoti haimjui. Zilikuwa hazina faida kwa ombi hadi niliporekebishiwa. Soma bahasha kabla hujaichana.

5. Jiandikishe kupiga kura

Wengi hawajui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kukaa anaweza kupiga kura Uingereza, hata kabla ya ukaazi wa kudumu. Mtanzania yumo, Mkenya yumo, Mganda na Mnyarwanda wamo. Barua za daftari la wapiga kura huja nyumbani kwa jina lako, bure.

6. Bili za kwenye simu

Pakua kila moja inapotoka. Ukihama kampuni, akaunti ya zamani inaweza kufungwa pamoja na kumbukumbu zake.

7. Ndoa zisizofanana na za kwenye fomu

Walioanzia maisha kwa kaka au shangazi hawana bili, kwa kuwa zote ni za mwenye nyumba. Huyo aandike barua yenye saini kwamba mnaishi kwake tangu tarehe fulani, aambatishe uthibitisho kwamba nyumba ni yake au ameipanga, nanyi muongeze barua zenu za benki, kliniki na mwajiri zinazofika hapo. Barua ya shangazi peke yake, hata akiwa mcha Mungu namna gani, haina uzito.

Dada mmoja wa Mombasa, mumewe yuko kwenye mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini: wiki kadhaa baharini, wiki kadhaa nyumbani. Alikuwa na hofu kubwa. Lakini kutengana kwa sababu ya kazi si kosa, ili mradi nyumba ni moja na sababu imeelezwa. Aliambatisha barua ya mwajiri yenye ratiba ya zamu, ukurasa mmoja, pamoja na bili zenye majina yao wawili. Kibali kilitoka bila kuulizwa swali hata moja kuhusu zamu hizo.