Sheria ya Kilimo na Amana ya Misitu



Somo letu lahusu sheria za kilimo na misitu ya umma, na mfano wetu ni Dandora, mtaa ulio mashariki ya Nairobi. Huenda mtu akauliza: "Dandora ni mtaa wa nyumba, sheria ya mkulima wa msituni yawahusu nini watu wake?" Jawabu limo katika mfereji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi yatoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, nalo hujazwa na mito ishukayo kutoka misitu ya Aberdare. Msitu ukiharibika huko juu, mfereji hukauka huku chini.

Basi yatupasa tujue mambo matatu.

Kwanza, sheria yaruhusu kilimo ndani ya msitu wa umma. Miti iliyopandwa ikisha kukatwa, raia hupewa kipande, akapanda mahindi na maharagwe kati ya miche mipya, huku akiipalilia. Baada ya miaka kama mitatu, miti ikitia kivuli, yeye huondoka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yakitambua kilimo hiki, kwa sharti kwamba mkulima asifanye makao humo. Sharti hilo ndilo boma la msitu. Huko nyuma, katika miaka ya 1980 na tena mwaka 2003, Serikali ilikipiga marufuku, kwani muda ulipokwisha wengine hawakutoka, na jembe likaingia hata msitu wa asili.

Pili, sheria ya kilimo yaweza pia kuwa mlinzi. Kanuni za mwaka 1965 zilikataza kulima ukingoni mwa mto na penye mteremko mkali. Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka mwenye shamba apande miti katika sehemu moja ya kumi ya ardhi yake; kwani mwenye kuni zake hana haja ya kukata za umma.

Tatu, mpaka wa msitu haubadilishwi kwa neno la mtu mmoja. Sheria yataka ombi lifike Bungeni, na raia waulizwe. Mwaka 2021 uliletwa mswada wa kulegeza uchunguzi wa maombi hayo. Watu wakaupinga, wala haukupita.

Hatusemi mwenye njaa afukuzwe. Twasema haki ni mbili, ya alimaye na ya anywaye, na kipimo baina yao ni muda ulioandikwa na kufuatwa.

Wala sisi wa pwani tusidhani haya ni ya wengine. Mombasa hunywa maji ya chemchemi za Mzima, nazo hulishwa na mvua ya vilima vya Chyulu. Basi raia wakiitwa kutoa maoni juu ya sheria ya kilimo au ya misitu, tuhudhurie, tuisome kwanza, kisha tuulize: muda ni upi, na nani atausimamia?