Kumpima Mhandisi kwa Anachoweza Kutenda

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na mafunzo ya vitendo yakawa sehemu ya masomo yake. Hata hivyo, kila chuo cha namna hii hukabiliwa na swali moja: itajulikanaje kwamba kilichofundishwa kimemfikia mwanafunzi?

Desturi ya zamani ni kuhesabu vipindi na idadi ya waliofaulu. Njia nyingine, iliyoenea ulimwenguni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huanza kwa kutaja waziwazi mambo ambayo mhitimu hana budi kuyaweza, kisha hupima kila jambo peke yake.

Chukuliwe mfano wa mfereji wa maji ya mvua katika mtaa wenye nyumba zilizobanana, kama Tandale katika Kinondoni au Keko katika Temeke. Eneo ni hekta 10, na mvua ni milimita 72 kwa saa. Ili kupata mita za ujazo za maji kwa sekunde, eneo huzidishwa kwa mvua na kwa kizigeu cha mtiririko, yaani sehemu ya mvua isiyonywewa na ardhi, kisha hugawanywa kwa 360. Penye mabati na saruji, kizigeu cha 0.7 huleta jibu la 1.4. Anayetumia 0.3, ya uwanja wa nyasi, hupata 0.6. Hesabu yake haina kosa, lakini mfereji wake hautachukua hata nusu ya maji. Yanayobaki yataingia majumbani mwa watu.

Ikiwa katika darasa la wanafunzi 60, 54 wamekokotoa sawasawa na 21 tu wamechagua kizigeu kifaacho, wastani wa alama waweza kuificha kasoro hiyo. Upimaji wa kila lengo huifichua. Dawa yake si kuongeza mihadhara ya hesabu, bali kuwapeleka wanafunzi mtaani wakapime mteremko na kuchunguza mapaa, udongo na takataka. Mwaka unaofuata hutolewa swali la aina ile ile: idadi ikipanda, badiliko limefaa, isipopanda, sababu nyingine itafutwe.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo isahauliwayo kwa wepesi. Matokeo yaliyofungiwa kabatini hayaboreshi mtaala. Vilevile, tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa kuwafunza wahitimu kazini kwa miaka 3. Wasimamizi wao huona upungufu usioonekana katika chumba cha mtihani. Maoni yao yapasa kurudi chuoni, kabla mvua haijatoa maksi zake.