SUMU ILIYOJIFICHA MCHANGANI: SOMO KWA WENYEJI NA WAGENI WA PWANI

Uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, upo baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga umejengwa huko, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wakaazi wake si wageni wa samaki, kwani migebuka na dagaa huwafikia kutoka Kasanga na Kipili. Hata mwiba wenye sumu upo katika maji yao: gogogo wa Ziwa Tanganyika, wa jamii ya kambale, wana mwiba mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na sumu yake imethibitishwa na wataalamu.

Lakini gogogo humchoma yule amshikaye. Baharini wapo samaki wanaomchoma mtu aliyewakanyaga bila ya kuwaona, nao hawamo katika maziwa hayo mawili. Kwa sababu hiyo, mtumishi anayehamishwa kutoka Sumbawanga kuja Unguja au Pemba, pamoja na watoto wake, huingia pwani bila ya elimu ambayo mwenyeji ameipata tangu utotoni.

SAMAKI WENYEWE

Wa kwanza ni taa. Mwili wake ni bapa, na hujifukia mchangani hata yakabaki macho tu. Mkiani ana mwiba wenye meno kama ya msumeno, uliofunikwa na ngozi yenye sumu. Akikanyagwa, huupiga mkia kwa juu na kuuchoma mguu.

Wa pili ni samaki jiwe, ambaye hukaa kwenye miamba na mchangani, asiweze kutofautishwa na jiwe lililoota majani. Ana miiba 13 mgongoni, na kila mwiba una vifuko viwili vya sumu. Uzito wa mguu ndio unaoikamua sumu hiyo. Bahari ikupwapo, huweza kubaki hai nje ya maji kwa saa nyingi.

Maumivu yake ni makali mno. Profesa J. L. B. Smith wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1939 aliwajulisha wanasayansi samaki wa kale aitwaye silikanti, alichomwa dole gumba na samaki jiwe huko Pinda, kaskazini ya Msumbiji. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1951. Ikiwa bingwa wa samaki alipatwa, mgeni asijione salama.

NAMNA YA KUJIKINGA

Kwanza, mtu atembeaye majini aburuze nyayo mchangani badala ya kuzinyanyua, kwani taa akisikia mtikisiko huondoka. Pili, avae viatu vyenye soli nene. Ndara nyembamba hupenya. Tatu, wakulima wa mwani na wavuvi wa pweza watangulize kijiti mbele, kwa sababu samaki jiwe hakimbii. Nne, watoto wakatazwe kuokota mawe wasiyoyajua.

HUDUMA YA KWANZA

Aliyechomwa atolewe majini na jeraha lioshwe. Kisha kiungo kitiwe katika maji ya moto, kiasi cha nyuzi 45 za Selisiasi, kwa muda wa dakika 30 hadi 90. Sumu hiyo ni aina ya protini, na joto huiharibu. Mtu mwingine ayapime maji kwanza kwa mkono wake, kwani mwenye maumivu huweza kuungua asijue. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala mguu usifungwe kamba.

Mwiba ulioingia kifuani, shingoni au tumboni usichomolewe; mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Mwaka 2006, Mwaustralia Steve Irwin, aliyejulikana kwa filamu za wanyama, alifariki kwa mwiba wa taa uliomchoma kifuani. Hata aliyepata nafuu aende kituo cha afya, ili atazamwe kama kipande cha mwiba kimebaki na apewe kinga ya pepopunda.

Samaki hawa hawamfukuzi mtu. Mwiba wao ni ngao yao. Walimu, masheha na wakuu wa idara wanaombwa kuwafunza haya wageni wao kabla hawajatia mguu majini.