Upepo wa Mbisho: Somo la Uvivu Juu ya Baiskeli



Wenzangu niliowatumia picha ya baiskeli iliyoegemezwa chini ya ng'ombe mkubwa kuliko nyumba waliniuliza maswali mawili. Yule ng'ombe ni wa kweli? Na frateri anatafuta nini peke yake kwenye nyika za Marekani? La kwanza ni jepesi: ni sanamu, iko juu ya kilima karibu na mji mdogo wa New Salem, jimbo la North Dakota, ina urefu wa karibu mita 12, na ilisimamishwa mwaka 1974 kwa heshima ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. La pili ndilo somo letu la leo, na linahusu kilema ambacho vijana wengi tunadhani tunakijua vizuri: uvivu.

Kwa wasionifahamu, nilisoma falsafa nyumbani Tanzania, kisha nikatumwa huku kwa teolojia. Likizo ya kiangazi ilipokaribia kwisha, muumini mmoja wa parokia ninayosaidia alinikopesha baiskeli yake na mikoba miwili ya kufunga kwenye karia. Nikaondoka Fargo siku ya Jumatatu kuelekea magharibi hadi Medora, kama kilomita 525. Gombera nilimwambia ninakwenda kusali. Haukuwa uongo kabisa. Ila ndani ya simu yangu kulikuwa na barua kwa Askofu, imeshaandikwa hadi sahihi, ya kuomba kuacha seminari. Nilichokitaka hasa ni wiki moja ambayo hakuna mtu angeniuliza, "Frateri, masomo yanaendeleaje?"

Nchi yenyewe inahitaji maelezo kidogo. Hizi ni mbuga za majani za kaskazini, wenyewe wanaziita prairi, ingawa sehemu kubwa sasa ni mashamba ya ngano, soya na alizeti. Fargo na tambarare yake ni sakafu ya ziwa la kale, Agassiz, lililotokana na kuyeyuka kwa barafu kuu maelfu ya miaka iliyopita. Maji yaliondoka, sakafu ikabaki, bapa kama meza. Unaliona ghala refu la nafaka la mji unaofuata, unanyonga baiskeli nusu saa, na ghala liko palepale. Ukipita Valley City vinaanza vilima vidogo na madimbwi mengi yaliyojaa bata. Miti ni michache. Ukiona mstari wa miti ujue ni watu wameipanda kuukinga upepo.

Na upepo ndio habari yenyewe. Huko mara nyingi huvuma kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, kwa hiyo wenye busara huanza safari magharibi ili uwasukume. Mimi baiskeli ilikuwa Fargo, nikaanzia Fargo. Babu yangu, mvuvi wa Pangani, angeuita upepo wa mbisho. Tofauti ni kwamba jahazi likikutana na mbisho hukata pembe, linakwenda huku na kule mpaka lifike. Barabara ya North Dakota imenyooka kama rula. Hakuna pembe ya kukata. Unainamisha kichwa, unakanyaga pedali.

Jumatano mvua na radi zilinifunga Jamestown, mji wenye nyati wa saruji aliyejengwa mwaka 1959, mrefu kama mita 8. (Nadhani ukubwa wa anga la huku ndio unaowafanya watu wajenge wanyama wakubwa namna hii, ili nao waonekane.) Alhamisi nikatoka saa 1 asubuhi nikilenga mji wa Steele, kilomita 95 hivi. Kufika saa 4 nilikuwa nimekwenda kilomita 25. Upepo ulikuwa wa moja kwa moja usoni, wa joto, na unapiga kelele masikioni kiasi kwamba husikii hata mnyororo wako. Nikaanza kuangalia simu kila baada ya dakika tatu: nimebakiza ngapi? Halafu mawazo yakaja kwa mpangilio kabisa, kama yamepangwa foleni. Yule niliyesoma naye sekondari yuko benki, ana mke na mtoto. Mama anazeeka. Pale seminarini hakuna anayenijali. Kazi hii yote ina faida gani? Kumtumikia Mungu si lazima uwe padre. Saa 6 mchana nilisimama kando ya shamba la alizeti, nikatoa simu, nikaifungua ile barua. Mtandao ulikuwepo. Ilibaki kugusa tu.

Hapo nikamkumbuka Evagri wa Ponto, na ninakiri kwamba nilimkumbuka kwa sababu ya mtihani, si kwa sababu ya utakatifu. Evagri alikuwa mmonaki katika jangwa la Misri, akafa mwaka 399. Aliandika juu ya pepo anayemshambulia mmonaki katikati ya mchana, kuanzia saa ya nne hadi saa ya nane. Wazungu darasani wanabadilisha hizo saa kwenye madaftari yao. Sisi hatuna haja: ni saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, kama tunavyosema nyumbani. Pepo huyo, anasema, hulifanya jua lionekane halisogei. Mmonaki anachungulia dirishani kila mara aone kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Anaanza kuchukia chumba chake na kazi ya mikono yake. Anaona ndugu hawana upendo. Anawakumbuka wazazi, anawaza mahali pengine ambapo riziki ni rahisi, na anajiambia kwamba kumpendeza Mungu hakuhitaji mahali fulani. Yaani jamani, karne ya nne! Mtu huyu alikuwa ameisoma simu yangu.

Hicho ndicho mababa walichokiita kilema, kile ambacho katekisimu zetu zimekifupisha kuwa "uvivu". Neno hilo linatupotosha kidogo. Tukisikia mvivu tunamwona mtu amelala kivulini. Lakini mimi pale barabarani nilikuwa natoka jasho kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mt. Thoma wa Akwino anatusaidia hapa: kwake uvivu huu ni huzuni juu ya jema la kimungu. Mungu amekukaribisha kwake, na mwaliko wenyewe unakuchosha; unatamani usingeitwa. Tena anafundisha kwamba uvivu unapingana na ile amri ya kuitakasa siku ya Bwana, kwa sababu amri hiyo inaiagiza roho itulie ndani ya Mungu. Soma tena polepole. Uvivu ni kosa dhidi ya pumziko. Mvivu ni yule asiyeweza kutulia alipo. Anaweza kulala siku nzima, ndiyo, lakini anaweza pia kuwa mtu mwenye shughuli nyingi kuliko wote parokiani: kwaya, VIWAWA, kamati tatu, vikundi kumi vya WhatsApp, ili tu asipate nusu saa ya kukaa mbele ya Sakramenti Kuu. Anaweza kubadilisha kozi mara tatu. Anaweza hata kuendesha baiskeli kilomita 525.

Alhamisi ile ilikuwa tarehe 4 Agosti, sikukuu ya Mt. Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko. Asubuhi nilikuwa nimesali Masifu yake nikiwa nusu usingizi. Padre huyu alikaa Ars tangu 1818 hadi kifo chake 1859, akiungamisha watu kwa saa nyingi kila siku, na zaidi ya mara moja alijaribu kutoroka. Alitaka mahali pa upweke akalie dhambi zake. Mwaka 1853 aliondoka usiku, waumini wakagundua, wakamrudisha. Sisemi mtakatifu alikuwa mvivu. Ninachosema ni kwamba kishawishi cha kuondoka kwake kilikuja kimevaa nguo nzuri kabisa, nguo za toba. Changu kilikuja kimevaa nguo za ukweli wa moyo.

Dawa ya Evagri ni ndogo mpaka inaudhi: usitoke chumbani. Jiwekee kipimo cha kazi, usiiache mpaka kipimo kitimie. Sikuwa na chumba, nilikuwa na nguzo za umeme kando ya barabara. Nikaifunga simu mkobani, nikatoa rozari. Nguzo moja, Salamu Maria moja. Katika mwendo ule ilitosha kabisa, wakati mwingine nilimaliza sala kabla ya nguzo. Sikusikia faraja yoyote. Sikutokwa na machozi. Upepo ulipungua kuelekea jioni kwa sababu huko hupungua jioni. Saa 2 usiku, jua bado lipo, niliingia Dawson, kilomita 15 kabla ya Steele, nikapiga hema nikalala bila kula.

Hapa niweke tahadhari mbili, maana najua barua ninazopata. Kwanza, kama huna usingizi wiki na wiki, hutamani chakula, au unawaza kujidhuru, usijiambie ni pepo wa mchana. Mwambie mtu leo, nenda hospitali. Mwili na akili navyo huugua, na daktari naye ni zawadi ya Mungu. Pili, si kila anayeacha seminari au utawa ameshindwa. Wapo walioondoka kwa amani na ni baba wazuri wa familia. Mt. Inyasi wa Loyola anatoa kanuni moja tu: wakati wa ukiwa wa roho, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na mwanga. Subiri. Sogeza uamuzi hadi hali ya hewa itulie, ndipo uamue vyovyote.

Jumamosi hewa ilitulia. Nilitoka Bismarck alfajiri, nikauvuka mto Missouri, nikampita yule ng'ombe wa New Salem, na kabla ya Richardton saa ikarudi nyuma saa nzima, maana hapo unabadilisha majira. Saa ya bure! Minara miwili ya kanisa la abasia ya Kupalizwa inaonekana kutoka mbali, wanaliita Kanisa Kuu la Prairi ingawa askofu hakai hapo. Ni Wabenediktini, kama wa Peramiho na Ndanda. Mwanzilishi wao, Vincent Wehrle, Mswisi, baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Bismarck. Kanuni ya Mt. Benedikto inataka mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, na nilipokelewa hivyo, nikinuka jasho la siku sita. Hakuna aliyeniuliza habari za masomo. Nilipewa sahani, kisha kitanda.

Dominika baada ya Misa nilikaa nje ya kanisa, nikaifungua barua na kuisoma kama ya mtu mwingine. Ilikuwa kurasa mbili. Nikaanza kufuta kilichokuwa upepo tu: yule wa benki, mapadre wasionijali, mambo makubwa juu ya uhuru. Ikabaki sentensi moja ya kweli, kwamba tangu Desemba nilikuwa mpweke sana na sikuwa nimemwambia mtu. Sentensi hiyo haikumhusu Askofu. Nikamtumia mlezi wangu wa kiroho. Alijibu baada ya robo saa: "Ukirudi, njoo tule chakula cha jioni."

Jumatatu nilifika Medora na upepo ule ule usoni. Masomo yanaanza wiki ijayo. Niombeeni, na mniombee pia nipate muda wa kuiosha baiskeli ya watu kabla ya kuirudisha.