JALIDI KATIKA MASHAMBA YA KINANGOP

Mtu wa pwani akiambiwa kwamba karibu na mstari wa Ikweta kuna mahali ambapo umande huganda usiku ukawa barafu nyeupe juu ya majani, huenda asisadiki. Lakini mkulima wa Kinangop ajua. Nchi yake, iliyo chini ya milima ya Nyandarua, imeinuka futi 8,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, yaani kupita mita 2,400. Na kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Barafu hiyo ndiyo iitwayo jalidi, na usiku mmoja wake waweza kuharibu viazi vya jamaa ambao wamekwisha kukopa fedha za mbegu na mbolea.

Wengi hudhani kuwa jalidi huja hasa katika miezi ya mawingu, Julai na Agosti. Baridi ya miezi hiyo yachosha kweli, na huchelewesha mimea, lakini mawingu huifunika ardhi kama blanketi. Usiku wa kuogopwa zaidi ni ule upendezao macho: usiku wa Januari au Februari, mbingu safi, nyota tele, wala upepo hakuna. Hapo joto ambalo ardhi ililipata mchana hupanda juu likapotea.

Tena hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Hushuka mteremkoni kama maji, ikakusanyika bondeni. Ndiyo sababu asubuhi shamba la bondeni laweza kuwa jeusi, na la jirani aliye juu kidogo likabaki kijani. Basi kabla ya kuchagua mbegu, chagua mahali. Viazi vya mvua za vuli, vipandwavyo Oktoba, mara nyingi huwa bado na majani mabichi Januari. Hivyo vipewe mteremko, na vipandwe mara mvua inapoanza. Bondeni panda kabichi, karoti au vitunguu, ambavyo huvumilia baridi kuliko viazi. Maharagwe yasipandwe huko kabisa msimu huo. Na kama una ua mnene upande wa chini wa shamba, fungua nafasi ndani yake. La sivyo hewa baridi itasimama hapo kama maji ya bwawa.

Ukiziona dalili za usiku kama huo, mwagilia udongo mchana, kwani udongo wenye maji hushika joto kuliko mkavu. Nyasi kavu zilizotandazwa kati ya mistari, ambazo wakati wa ukame husifiwa sana, na kwa haki, usiku huo ni adui: hulizuia joto la udongo lisiyafikie majani. Zisogeze kando. Miche ya kitaluni ifunikwe kwa magunia juu ya vijiti, yasiguse majani, na ifunuliwe jua likiisha kupanda.

Na ikiwa jalidi imekwisha kupiga? Usikimbilie kung'oa. Viazi vichanga vingoje siku kumi hivi. Mara nyingi shina huchipua upya kutoka chini, ikiwa udongo una maji. Vilivyokaribia kukomaa viache ardhini majuma mawili, ngozi iwe ngumu, ndipo uvichimbe. Vikichimbwa upesi huchubuka, vikaoza guniani kabla ya kufika Nairobi.